Seva yako iwashwe wapi? Ofisini, Dar, Nairobi, Johannesburg au Dublin

Ukienda kununua seva, muuzaji atakutajia bei ya mashine, ukubwa wa diski na miaka ya dhamana. Umeme hautajwi kabisa. Kumbe hiyo ndiyo gharama itakayokufuata kila mwezi, usiku na mchana, Idi na Krismasi, mpaka siku mashine itakapozimwa moja kwa moja. Na ukiamua kutonunua, ukakodi nafasi kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine unazozifikia kwa intaneti, umeme bado unaliwa. Unaliwa tu mahali usipopaona, kwenye gridi ya watu wengine.

Nawaandikia wanaofanya uamuzi huo sasa: meneja wa SACCOS anayebadili mfumo wa hesabu, mkuu wa shule, afisa TEHAMA wa halmashauri, vijana wenye kampuni ndogo ya programu. Njia zilizo mbele yao ni nne. Seva ikae kwenye chumba cha ofisini. Ipelekwe kwenye kituo cha data cha kukodi hapa Afrika Mashariki, Dar es Salaam au Nairobi. Kazi ihamishiwe kwenye wingu la kampuni kubwa lililoko Afrika Kusini. Au ipelekwe mbali zaidi, Ulaya au Marekani. Ulinganisho mwingi huishia kwenye ada ya mwezi na kasi. Mimi nataka tuzipime njia hizi kwa umeme, kwa sababu siku hizi umeme ndio unaoamua bei, uhakika wa huduma, na hata kama kituo kitaruhusiwa kupanuliwa au la.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa karibu kila mtu, chumba cha ofisini ndicho chaguo baya kuliko yote. Kwa kazi za kila siku, kituo cha hapa hapa kinashinda. Na kazi nzito za akili mnemba zinahitaji jibu la peke yake, zisichanganywe na hizo nyingine.

Umeme wa vituo vya data umepandaje?

Uniti ninayoitaja humu ni ile ile ya LUKU: kilowati moja ikitumika kwa saa moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kati ya mwaka 2010 na 2018, kazi zilizofanywa na vituo vya data duniani ziliongezeka zaidi ya mara sita, lakini umeme wake ulipanda kwa asilimia 6 tu, kutoka uniti bilioni 194 hadi bilioni 205. Iliwezekanaje? Maelfu ya vyumba vidogo vya maofisini vilifungwa, kazi zake zikahamia kwenye majengo makubwa ambako seva moja inabeba mizigo ya wateja wengi kwa wakati mmoja, na mitambo ya kupoza imeundwa kwa hesabu, haikuongezwa kidogo kidogo kadiri joto lilivyozidi. Chipu nazo zilikuwa zinafanya kazi zaidi kwa umeme ule ule.

Utulivu huo umekwisha. Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley ya Marekani ilihesabu kuwa vituo vya data vya nchi hiyo vilitumia uniti bilioni 58 mwaka 2014 na bilioni 76 mwaka 2018. Kufika 2023 vilikuwa vimefika bilioni 176, asilimia 4.4 ya umeme wote wa Marekani. Kwa dunia nzima, Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linakadiria matumizi ya mwaka 2024 kuwa takriban uniti bilioni 415, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, na linatazamia karibu bilioni 945 ifikapo mwaka 2030. Kinachosukuma namba hizo juu kuliko kitu kingine ni seva za akili mnemba.

Kuna mafunzo mawili ndani ya historia hiyo, na ndiyo yanayoongoza ulinganisho huu. Faida kubwa ilipatikana kwa kuhama chumba kidogo, na kwa yule ambaye bado hajahama faida hiyo ipo palepale inamsubiri. Lakini ndani ya majengo makubwa yenyewe nafuu hiyo imekaribia kwisha. Sasa linalotofautisha jengo na jengo ni umeme wake unatoka wapi na gridi yake imebanwa kiasi gani.

Chumba cha ofisini

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tulipo.

Tuchukue seva moja ya kawaida inayovuta wati 400 mfululizo. Kwa mwaka ni uniti 3,504. Mteja wa TANESCO wa matumizi ya kawaida ya biashara analipa kama Sh 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, kwa hiyo mashine peke yake ni kama Sh 1,247,000 kwa mwaka. Hapo bado hujaipoza. Kila wati inayoingia kwenye seva inatoka kama joto, na joto hilo lazima liondolewe na kiyoyozi ambacho nacho kinakula umeme. Kabla ya kufika kwenye seva, umeme umepita kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshika mzigo umeme ukikatika, na UPS ya zamani inakula sehemu yake pia.

Mafundi wana kipimo cha hasara hiyo, wanakiita PUE: chukua umeme wote unaoingia kwenye jengo, ugawanye kwa umeme unaozifikia mashine zenyewe. Kama jibu ni 1, hakuna kinachopotea. Kama ni 2, kwa kila uniti inayofanya kazi kuna nyingine inayokwenda kwenye ubaridi, UPS na taa. Chumba cha ofisini chenye kiyoyozi cha ukutani, mlango unaofunguliwa ovyo na dirisha linalopigwa na jua la alasiri kinaweza kufika 2 bila shida, hasa Dar, Tanga au Mombasa ambako hata usiku hewa haipoi sana. Bili yetu imeshakuwa karibu Sh milioni 2.5.

Hasara ya pili haionekani kwenye PUE. Seva ya ofisini hufanya kazi ya kweli saa chache za mchana, na hata hapo ni sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Muda uliobaki imekaa, lakini seva iliyokaa haiachi kula: inaweza kuvuta karibu nusu ya umeme inaovuta ikiwa kazini. SACCOS yenye matawi mawili haihitaji seva nzima. Inahitaji kipande cha seva.

Hasara ya tatu ni jenereta. Jenereta ndogo ya dizeli inatoa kama uniti tatu kwa lita, na ikiendeshwa kwa mzigo mdogo inatoa pungufu ya hapo. Lita ikiwa karibu Sh 3,000, kila uniti ya jenereta inakugharimu karibu mara tatu ya ile ya gridi, ukiacha oili, vichujio na fundi. Wakati wa mgao wa 2022 hadi mwanzoni mwa 2024, ofisi nyingi za Tanzania ziliishi kwa jenereta saa kadhaa kwa siku. Mwenye seva ya ndani hakuwa na pa kukimbilia.

Nani abaki na chumba chake? Hospitali ya wilayani ambako intaneti inapotea kwa saa nyingi na mgonjwa hawezi kusubiri faili lake. Kiwanda ambacho mashine zake zinaongozwa na seva iliyo hapo hapo. Kwa hao nasema wabaki, ila wapunguze: seva moja ndogo isiyo na kelele badala ya tatu, mizigo yote ikusanywe humo, na paneli za sola zenye betri zibebe mchana. Na kiyoyozi kisiwekwe nyuzi 16. Miongozo ya kimataifa ya mashine hizi inakubali hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ukiweka 25 mashine haitaumia, na bili itashuka mwezi huo huo.

Seva ile ile, sehemu tatu

Hii ni hesabu ya wati 400 zile zile kwa mwaka mzima, tukibadilisha jengo tu:

| Mahali | PUE | Uniti kwa mwaka |
|---|---|---|
| Chumba cha ofisini chenye kiyoyozi cha ukutani | 2.0 | 7,008 |
| Kituo cha kukodi, kwa wastani wa dunia wa 2024 | 1.56 | 5,466 |
| Kituo kikubwa cha wingu kilichopangwa vizuri | 1.1 | 3,854 |

Wastani wa 1.56 ni wa Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, na kwa miaka mingi haujasogea sana. Google wanatangaza 1.09 kwa vituo vyao vyote kwa mwaka 2024. Ila jedwali hili linawapunja wale wa mwisho, kwa sababu kwenye wingu hulipii seva nzima. Ukichukua kipande kinacholingana na kazi yako, uniti zako zinaweza kushuka hadi mia chache kwa mwaka. Hapo ndipo faida halisi ilipo, na inapatikana pia kwenye kituo cha hapa nchini kama mwenye kituo anakodisha seva pepe, yaani kipande cha seva, badala ya nafasi tu kwenye raki, kabati la kupangia seva.

Dar au Nairobi?

Hili ndilo swali ninaloona lina utamu zaidi, na majibu yake yamebadilika ndani ya miaka mitatu.

Nairobi imetangulia. Kituo kikubwa cha kwanza cha kukodi kilifunguliwa pale mwaka 2013, na leo kuna kadhaa, pamoja na vile vilivyoko Mombasa karibu na nyaya za baharini zinapotua. Dar es Salaam ina Kituo cha Taifa cha Data kule Kijitonyama pamoja na vituo binafsi vichache. Kwa uteuzi wa wauzaji, Nairobi inashinda.

Kwa hali ya hewa inashinda pia, na hili halisemwi vya kutosha. Jiji lile liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai pale mtu anatafuta koti. Kituo kilichojengwa kwa akili kinaweza kutumia hewa ya nje kupoza kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kompresa zikapumzika. Dar haina bahati hiyo; joto na unyevu wa pwani vinafanya mitambo ihangaike mwaka mzima. Kwa hiyo jengo la ubora ule ule litakuwa na PUE ya juu zaidi pwani kuliko bara.

Tukija kwenye umeme wenyewe, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na vyanzo jadidifu, na kinachoongoza ni jotoardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Mvuke haujali mchana wala usiku, wala mvua wala ukame. Kwa mashine isiyozimwa, hicho ni chanzo kinachofanana nayo kwa tabia. Tena kuna nyakati za usiku ambapo Kenya ina mvuke kuliko inavyohitaji: wateja wakilala matumizi yanashuka, na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, wamekuwa wakilazimika kuachia mvuke hewani bila kuzalisha umeme.

Jioni mambo yanageuka. Kuanzia machweo hadi watu wanapolala, gridi ya Kenya inabanwa mpaka inategemea umeme wa kununua kutoka Ethiopia na Uganda, na mitambo ya mafuta inawashwa. Kilele cha matumizi kilipita megawati 2,300 mwaka 2025. Mwaka 2023 nchi ilizimika karibu yote zaidi ya mara moja, ikiwemo usiku wa tarehe 25 Agosti. Bei ya uniti Kenya ni ya juu kuliko ya Tanzania, na mwenye kituo ataipitisha kwako.

Tanzania ilikuwa nyuma kwa umeme, sasa iko mbele kwa wingi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa tayari. Kwa nchi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa yalikuwa chini ya megawati 2,000 wakati mitambo hiyo ikianza kuingia, hilo ni badiliko kubwa, na gesi ya Songo Songo na Mtwara bado ipo. Tatizo limehama kutoka kwenye uzalishaji kwenda kwenye nyaya. Mwezi Aprili 2024, maji yakiwa yamejaa Rufiji, hitilafu ya gridi ilizima sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafiri kutoka kusini unapotea njiani. Ukiwa Arusha, usidhani ziada ya Rufiji itakufikia kama ilivyo.

Habari njema kwa pande zote mbili ni laini ya umeme kati ya Isinya na Singida, iliyowashwa Desemba 2024. Gridi mbili sasa zimeshikana: jotoardhi ya Olkaria na maji ya Rufiji vinaweza kusaidiana.

Basi nachagua nini? Kama wateja wako wako Kenya, au unahudumia nchi kadhaa, Nairobi. Kama wako Tanzania na data yako ni ya watu binafsi, Dar, kwa sababu nchi zote mbili zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na kuvusha data mpaka kuna masharti yake ambayo mwanasheria wako atataka kuyajua. Nakala ya akiba iwekwe upande wa pili wa mpaka, ukishapata ruhusa. Gridi mbili hazizimiki usiku mmoja kirahisi.

Jambo moja la kumalizia hapa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota kutoka Dar mpaka Kampala. Mfumo uliokuwa ndani ya nchi, unaofikika kupitia kituo cha kubadilishana mawasiliano cha ndani, haukuhitaji kuvuka bahari ili umfikie mteja wa mtaa wa pili. Ule uliokuwa ng'ambo ulikuwa na umeme wa kutosha huko uliko, ila haukufikika.

Afrika Kusini

Microsoft walifungua vituo vya wingu Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Kwa zana na huduma, hakuna penye kamili zaidi katika bara hili. Kwa umeme, ni mahali pagumu. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, unatokana na makaa ya mawe. Kazi ile ile, kwa seva ile ile, inachafua hewa mara kadhaa zaidi pale kuliko Nairobi. Mgao wao ulikuwa mbaya kupita wote mwaka 2023, ukapungua sana kuanzia mwisho wa Machi 2024, na vituo vikubwa vilivuka kipindi hicho kwa jenereta zao. Mteja wa wingu huenda hakuona chochote. Dizeli ilichomwa hata hivyo.

Nachagua hapo pale tu ambapo huduma fulani haipatikani Nairobi wala Dar, na siwezi kuijenga mwenyewe.

Dublin, Virginia na nchi za kaskazini

Ireland inafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayepanga sera, siyo mteja tu. Takwimu za serikali yao zinaonyesha kuwa mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa nchini. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21, vikapita nyumba zote za mijini zilizotumia asilimia 18. Mwaka 2024 vikafika asilimia 22, karibu uniti bilioni 7. Umeme wote uliopita katika gridi ya Kenya kwa mwaka mmoja wa fedha, 2023/24, ulikuwa kama bilioni 13.7. Yaani majengo ya data ya nchi moja yenye watu wapatao milioni tano yanakula kama nusu ya umeme wa nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini. Mwendeshaji wa gridi, EirGrid, alisimama kwa miaka kadhaa kuunganisha vituo vipya eneo la Dublin, kwa sababu nyaya zilikuwa zimejaa. Kwa mteja maana yake ni kwamba nafasi hazitaongezeka kwa urahisi na bei haina sababu ya kushuka.

Virginia ya kaskazini, Marekani, hasa kaunti ya Loudoun, ndiko kwenye msongamano mkubwa wa vituo kuliko popote duniani. Mwaka 2023 vilikuwa vinakula karibu robo ya umeme wa jimbo zima. Tarehe 10 Julai 2024 hitilafu kwenye laini moja ilifanya vituo vingi vijitoe kwenye gridi kwa pamoja na kuhamia umeme wa akiba. Megawati 1,500 za mzigo zikaondoka ghafla na waendeshaji wa gridi wakalazimika kukimbizana kuisawazisha. Ni karibu theluthi mbili ya kilele cha Kenya nzima. Nayataja haya kwa sababu vijana wengi wanapofungua akaunti ya wingu wanakuta eneo limeshachaguliwa, mara nyingi la Marekani, kama Virginia, na wanaliacha hivyo hivyo. Badilisha. Kwa mtumiaji wa Mwanza au Kisumu, safari ya kwenda na kurudi Virginia inachelewesha kila mbonyezo, na umeme wa huko bado unategemea sana gesi.

Nchi za kaskazini ya Ulaya ni habari nyingine. Norwei inaishi kwa maji, Iceland kwa maji na jotoardhi, Uswidi kwa maji, nyuklia na upepo. Baridi ni ya bure. Huko Hamina, Ufini, Google wanapoza kwa maji ya bahari katika jengo lililokuwa kiwanda cha karatasi. Kwa kazi isiyojali kuchelewa, kama kuhifadhi kumbukumbu za zamani au kuchakata picha usiku kucha, sijui mahali safi zaidi ya hapo.

Akili mnemba ihesabiwe peke yake

Chipu moja ya Nvidia H100 inaweza kuvuta wati 700. Seva yenye nane kati ya hizo inavuta kama kilowati 10 ikiwa kazini. Ikifanya kazi mwaka mzima ni uniti 87,600, sawa na seva zetu 25 za ofisini, au nyumba 97 za wateja wa TANESCO wanaotumia uniti 75 kwa mwezi. Raki mpya kabisa za aina hii zinafika kilowati 120 kwa raki moja, wakati vituo vingi vya kukodi vilijengwa kwa raki za kilowati 5 hadi 10. Sakafu, nyaya, ubaridi, vyote vinakataa. Usinunue mashine hizi ukaziweka ofisini. Usizipeleke kwenye kituo cha kukodi kabla hujapata maandishi kwamba wanaweza kuzipoza.

Kinyume chake, kutumia modeli, yaani programu ya akili mnemba, iliyokwisha kufundishwa ni kitu kidogo. Agosti 2025 Google walitangaza kuwa ombi la kawaida la maandishi kwa Gemini linatumia wati-saa 0.24, yaani uniti moja inatosha maombi zaidi ya 4,000. Kwa hiyo kampuni inayotaka kujibu wateja kwa Kiswahili ianze kwa kununua huduma, ipime, na ifundishe modeli yake pale tu ikiwa na sababu. Mafunzo yenyewe yapelekwe kaskazini ya Ulaya: mafunzo hayajali umbali, na umeme wa huko ni safi.

Je, hayawezi kufanyika Olkaria? Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya akili mnemba ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa dola bilioni moja kwa Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha kutumia jotoardhi kule Olkaria, kianze na megawati 100 na kuweza kukua hadi 1,000. Megawati 100 za usiku naziona zina nafasi yake. Mvuke unaoachiwa hewani ungepata kazi. Megawati 1,000 ni zaidi ya mbili kwa tano ya kilele cha nchi. Kabla ya kuzikubali, visima vipya vichimbwe kwanza na laini zijengwe, na mkataba useme wazi nani anapunguziwa umeme saa moja jioni. Ireland ilianza kuunganisha majengo, ikakumbuka nyaya baadaye. Sisi tuna nafasi ya kuanza na nyaya, na ningependa sana tuitumie.

Ya kumuuliza muuzaji kabla ya kusaini

Mwulize PUE iliyopimwa kwa miezi 12 iliyopita, siyo ile ya kwenye mchoro wa mhandisi. Kituo kipya chenye raki chache hupoza ukumbi mtupu, kwa hiyo namba halisi huwa mbali na ya kwenye kipeperushi.

Mwulize jenereta zilifanya kazi saa ngapi mwaka jana, na tangi la dizeli linatosha saa ngapi bila kujazwa.

La muhimu zaidi ni namna ya kutozwa. Vituo vingi vinatoza kwa kilowati ulizoagiza, utumie usitumie. Mkataba wa aina hiyo unakuondolea sababu ya kubana matumizi. Omba mita yako mwenyewe, ulipe uniti ulizotumia, zikizidishwa kwa PUE mliyokubaliana na yenye kikomo. Wengine watakataa mara ya kwanza. Ukiwa na wenzako watatu wenye ombi lile lile, husikiliza.

Na kama una kazi nzito zinazoweza kusubiri, nakala za akiba, ripoti za mwisho wa mwezi, uchakataji wa video, zipange zianze saa tano usiku, siyo saa moja jioni. Kwa Nairobi hiyo ndiyo tofauti kati ya mvuke na mafuta, na kwa wewe ni mstari mmoja tu wa ratiba ndani ya seva.